Tafuta Dodoma kwenye rafu za ugenini: mwongozo wa kuzunguka maduka ya vitabu London na kwingineko

Watu wa Dodoma siku hizi tunatoka sana. Mtumishi wa serikali wa Mtumba anatumwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anaitwa kwenye kongamano, kijana anapata ufadhili wa masomo, mama anamsindikiza mgonjwa India. Karibu kila safari ya namna hiyo huwa na siku moja au nusu siku isiyo na ratiba, na mara nyingi siku hiyo huishia kwenye maduka ya nguo na simu. Naandika kumwomba msafiri huyo aitenge siku hiyo kwa ajili ya vitabu, na kumwonyesha namna ya kuitumia asije akarudi hotelini na miguu inayouma na mfuko mtupu.

Ninaloliamini kuliko yote ni hili: ukiingia duka kubwa la vitabu la ugenini bila swali, litakumeza. Duka la ghorofa tano au sita lina vitabu vingi kuliko utakavyosoma maisha yako yote. Baada ya saa moja macho yamechoka, unaokota chochote kilichopangwa mlangoni, na kumbe kitabu hicho ungekipata Dar es Salaam. Ingia na swali kutoka kwenu. Sisi wa katikati ya Tanzania swali haliwezi kutukosa, kwa sababu mengi yaliyoandikwa kuhusu Ugogo, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa yaliandikwa na wageni waliopita hapa, yakachapwa kwao na yakabaki huko. Yapo kwenye rafu za London, mengine kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa. Kwa hiyo London ndiyo itakuwa mfano wangu mkuu, kisha nitasema kidogo kuhusu Nairobi na miji ya India.

Hatua ya kwanza: andaa orodha ukiwa bado Dodoma

Wiki moja kabla ya safari, pita kwa mtu mzima anayejua historia ya hapa. Mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu anafaa kabisa. Mpe salamu yake na umwambie jambo lako:

"Shikamoo mwalimu. Wiki ijayo nakwenda London, nikasema nipite nikuulize, kuna kitabu chochote ungependa nikutazamie?"

"Marahaba mwanangu. Ukipata cha Kongwa, cha zile karanga, usikiache."

Wazee wengi wataanzia hapohapo, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika kwa eneo kubwa kupita kiasi, na Kongwa ndiyo ilikuwa mwanzo na makao yake. Matrekta yalishindwa na vichaka na mibuyu, udongo ulipokauka ukagoma kulimika, mvua haikufuata hesabu za watu wa London. Mradi ulifutwa mwanzoni mwa 1951, baada ya kumeza takriban paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Kashfa kubwa kama ile huacha maandishi mengi: ripoti za serikali, kumbukumbu za maofisa, vitabu vya waandishi wa habari. Kinachotajwa zaidi ni "The Groundnut Affair" cha Alan Wood, aliyekuwa mfanyakazi wa mradi wenyewe, kilitoka 1950. Kiandike cha kwanza kwenye orodha yako.

Kuhusu Wagogo wenyewe, tafuta "Cattle and Kinship among the Gogo" cha Peter Rigby, kilichochapwa na Cornell University Press mwaka 1969. Ni kitabu cha kitaaluma, kinasomeka polepole, lakini mtu aliyekulia kwenye boma la ng'ombe atakutana humo na mambo ya babu yake yameandikwa kwa utulivu na kwa kina. Halafu kuna Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma aliyezaliwa 1917, mshairi aliyetupa ngonjera. Historia yake ya Wagogo aliiandika kwa Kiswahili, ikatoka miaka ya 1950. Tafsiri yake ya Kiingereza iliyosimamiwa na Gregory Maddox ilitoka 1995 kwa jina "The Gogo: History, Customs, and Traditions". Inaniuma kwamba kitabu cha Mgogo kuhusu Wagogo ni rahisi kukipata kwa Kiingereza kuliko kwa lugha aliyokiandikia. Ukikikuta, kinunue.

Mtu wa Kondoa atafute "Africa's Vanishing Art" cha Mary Leakey, cha 1983, chenye michoro ya mapangoni ya Kolo aliyoinakili kwa mkono yeye mwenyewe. Eneo hilo liliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Vitabu vya wasafiri wa njia ya misafara, Burton aliyepita Ugogo na Speke mwaka 1857 na Stanley aliyepita 1871, vimechapwa upya mara nyingi sana, hivyo usilipe bei kubwa kwa toleo jipya lenye jalada la kumeremeta. Humo utasoma jinsi watemi wa Ugogo walivyotoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliotaka kupita na kunywa maji ya visima vyao, na utasoma pia dharau ya waandishi hao kwa watu wetu. Soma yote mawili.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ndilo linaloamua kama utapata au utakosa: majina. Neno Tanzania halikuwepo kabla ya 1964. Ukimwambia muuza vitabu vya zamani kwamba unatafuta Tanzania tu, atakupeleka kwenye vitabu vya kutalii Serengeti. Taja Tanganyika. Kwa vitabu vya kabla ya Vita vya Kwanza taja Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwa Kiingereza au kwa Kijerumani chenyewe. Taja Ugogo na Gogo. Mpwapwa kwenye vitabu na ramani za Wajerumani huandikwa Mpapua, na Kondoa huandikwa Kondoa-Irangi. Andika majina haya yote kwenye simu, kwa herufi zilezile za zamani, ili umwonyeshe muuzaji badala ya kumtamkia. Wao hawajui kuyatamka, na wewe ukiyatamka kwa Kigogo hawatayasikia.

Hatua ya pili: chagua eneo moja, ulitembee kwa miguu

London ni kubwa na treni zake za chini ya ardhi zinakula muda. Kosa la wageni wengi ni kuruka kutoka duka moja la kaskazini kwenda jingine la kusini. Eneo la Bloomsbury hadi mto Thames lina maduka ya kutosha siku nzima, na umbali wake wote ni kama kutoka Nyerere Square hadi Kizota. Vaa viatu vya kutembelea, beba koti jepesi la mvua na mfuko wa kitambaa uliokunjwa.

Shuka kituo cha Russell Square asubuhi, maduka yakifunguliwa. Dakika chache kutoka hapo kuna jengo la Brunswick Centre, na chini yake kuna Skoob Books, duka la vitabu vilivyotumika lililoshonana rafu hadi dari. Toka hapo uingie Marchmont Street, kwenye Judd Books, ambako vitabu vya kitaaluma vya historia na jamii huuzwa kwa bei iliyoshuka sana. Haya mawili ndiyo ya kwanza kwa sababu asubuhi macho yana nguvu, na vitabu vya zamani vinataka macho. Chuo cha SOAS, ambako Kiswahili kimefundishwa miaka mingi, kiko hapohapo jirani, na ndiyo maana mtaa huu hupata vitabu vya Afrika: maprofesa wanastaafu, wengine wanafariki, maktaba zao zinauzwa kwa maduka ya karibu.

Ukitoka hapo elekea jumba la makumbusho, British Museum. Mitaa inayolizunguka ina maduka madogo, likiwemo London Review Bookshop la Bury Place, zuri kwa vitabu vipya vilivyochaguliwa kwa akili. Kisha shuka Charing Cross Road. Foyles, duka lililoanzishwa 1903, liko hapo, na ndilo la kuingia kama unataka kitabu kipya chochote cha taaluma yako, uwe mhandisi, mwanasheria au nesi. Mbele kidogo, upande wa kushoto ukiteremka, kuna kichochoro kiitwacho Cecil Court. Watu hukipita bila kukiona. Ni maduka madogo yaliyopangana pande mbili, yanauza vitabu adimu, ramani na michoro. Bei za hapa ni za wanaokusanya vitabu adimu, si za wasomaji, lakini ingia hata kama hununui, uombe kuona ramani za Afrika Mashariki. Kuona njia ya misafara imechorwa ikikatiza Ugogo, na visima vya maji vimetiwa alama kimoja kimoja, ni elimu ya bure.

Malizia mtoni. Vuka daraja la waenda kwa miguu karibu na kituo cha Charing Cross, geuka kushoto, na chini ya daraja la Waterloo utakuta soko la vitabu la Southbank. Ni meza ndefu za mbao zilizopangwa chini ya daraja, vitabu vimesimamishwa migongo ikitazama juu, hivyo unatembea umeinamisha kichwa unasoma majina huku watu wanapita na aiskrimu zao. Soko huwepo siku zote za wiki, mvua haliogopi. Mpangilio ni hafifu, na hapo ndipo penye raha: kitabu cha Tanganyika kinaweza kulala katikati ya upishi na kriketi.

Kama una siku ya pili, nenda Daunt Books ya Marylebone High Street. Hili ni duka la aina yake kwa msafiri, kwa sababu vitabu vyake vimepangwa kwa nchi. Unaikuta Tanzania ina sehemu yake, na humo riwaya, historia na ramani za nchi hiyo vimekaa pamoja. Angalia nini wanachosoma wageni kuhusu sisi, na nini hakipo. Wapenzi wa maandishi ya Afrika na Karibiani waende Finsbury Park kwenye New Beacon Books, lililoanzishwa 1966, miongoni mwa maduka ya mwanzo kabisa ya watu weusi Uingereza. Hakikisha kwanza saa zake za kufungua kabla ya kupanda treni.

Jumapili ina sheria yake. Maduka makubwa ya Uingereza, yanayozidi mita za mraba 280, huruhusiwa kufungua kwa muda wa saa sita tu siku hiyo, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ukienda saa tatu asubuhi utasimama nje kwenye baridi.

Hatua ya tatu: ingia kwa adabu, uliza bila woga

Msalimie muuzaji unapoingia, salamu fupi inatosha. Kama una begi la mgongoni livue ulishike mkononi, maana vichochoro vya maduka ya zamani ni vyembamba na begi huangusha rafu nzima. Kuangalia ni bure, na hakuna atakayekuuliza unanunua nini. Unaweza kukaa na kitabu robo saa na ukakirudisha. Hili huwashangaza wengi wetu tuliozoea kuulizwa "karibu, nikusaidie nini" kabla hatujavuka kizingiti. Picha omba ruhusa kwanza. Sauti ya simu izime.

Kisha tafuta kibao cha Afrika. Ukishamaliza rafu hiyo, usitoke. Vitabu vinavyotuhusu hutawanyika ovyo. Kitabu cha karanga za Kongwa kinaweza kuwa kwenye kilimo, kwenye siasa za Uingereza au kwenye historia ya himaya yao. Rigby atakuwa kwenye anthropolojia. Michoro ya Kondoa utaikuta kwenye akiolojia au kwenye sanaa. Kumbukumbu za maofisa wa wilaya, wale mabwana shauri waliokaa Mpwapwa na Manyoni, hukaa kwenye wasifu. Wasafiri wa karne ya 19 wako kwenye safari, na ndege na miti ya nyika yetu iko kwenye viumbe hai.

Halafu muulize muuzaji. Wauza vitabu vya zamani ni watu wanaojivunia kazi yao, na swali mahususi huwafurahisha. Mwambie wewe unatoka Dodoma, katikati ya Tanzania, na unatafuta chochote kuhusu Tanganyika ya kati kabla ya uhuru, hasa mradi wa karanga. Utaona uso unabadilika. Mara nyingi kuna maboksi chini ya meza au ghala nyuma ambako vitabu havijapangwa bado, na huko hakuna mteja anayefika bila kuuliza. Asipokuwa nacho atakutajia mwenzake mwenye nacho. Andika jina la duka hilo mbele yake, ili akusahihishe tahajia.

Hatua ya nne: kikague kitabu kabla hujakipenda

Kishike kitabu cha zamani mkononi, ukifungue kwenye ukurasa wa kwanza usio na maandishi. Kwenye kona ya juu utaona namba imeandikwa kwa penseli, ndogo, pengine na herufi mbili tatu zisizoeleweka. Namba ni bei. Herufi ni alama za muuzaji mwenyewe. Geuza ukurasa uone mwaka na mchapishaji. Kisha nenda mwisho kabisa, kwenye jalada la nyuma. Vitabu vingi vya Afrika Mashariki vya zamani vilitolewa na ramani kubwa iliyokunjwa, imebandikwa hapo au imewekwa kwenye kimfuko cha karatasi, na ramani ndicho kitu cha kwanza kuchanwa na kuuzwa peke yake. Soma orodha ya michoro na ramani mwanzoni mwa kitabu, halafu uhesabu moja moja. Ikikosekana, mwambie muuzaji, naye atashusha bei au atakubali kwamba hakujua.

Nusa. Kitabu chenye harufu kali ya ukungu kiache, kwa sababu kuvu huhamia kwenye vitabu vingine. Fungua katikati uone kama kurasa zinaachia gundi. Muhuri wa maktaba usikutishe ikiwa umeambatana na muhuri wa kuondolewa rasmi. Vitabu vya namna hiyo huwa vya bei nafuu, na kwa msomaji muhuri si kasoro.

Kabla ya kulipa kitu chochote kinachozidi paundi 20, simama pembeni uandike jina lake kwenye AbeBooks, tovuti ya kuuza vitabu, kwa simu, uone wengine wanakiuza kiasi gani. Hii ndiyo sababu ya kununua laini au bando la huko siku ya kwanza unapofika.

Hatua ya tano: bei

Kitabu kipya cha jalada laini London huwa karibu na paundi 10, na bei imechapwa nyuma ya jalada. Hapo hakuna kupatana. Vitabu havitozwi VAT Uingereza, kwa hiyo unacholipa ni kilekile kilichoandikwa. Kwenye maduka ya hisani, hasa yale ya Oxfam yanayouza vitabu pekee, jalada laini lililosomwa ni paundi mbili, tatu au nne. Kwenye maduka ya mtumba ukichukua vitabu vitatu au vinne unaweza kuuliza kwa heshima kama kuna punguzo. Jibu likiwa hapana, lipokee na ulipe.

Maduka mengi yanataka kadi, mengine hayapokei noti kabisa. Zungumza na benki yako Dodoma kabla ya kuondoka ili kadi ifanye kazi nje, uulize na makato ya kila muamala. Yakiwa makubwa, ni afadhali kununua vitabu vinne kwa mara moja kuliko kimoja kimoja. Jiwekee kiasi cha mwisho kwa shilingi, kwa kiwango cha siku ile, uliandike, ulifuate.

Kitabu kikikushinda bei, piga picha ukurasa wa jina uwe na taarifa zake kamili. British Library, pale St Pancras, hupokea nakala ya kila kitabu kinachochapwa Uingereza, na kadi yake ya msomaji haina malipo. Mwenye wiki nzima London anaweza kukaa pale akasoma kile ambacho Cecil Court wanakiuza kwa mshahara wa mwezi.

Kama safari yako si ya London

Nairobi ina faida moja kubwa: vitabu vya Kiswahili. Shule za sekondari za Kenya husoma Kiswahili kama somo la lazima, hivyo riwaya, tamthilia na diwani hazikosi rafuni, zikiwemo za waandishi wa Kitanzania waliochapwa kule. Anza na Text Book Centre, duka lililoanza 1964, kisha shuka mitaani. Kando ya barabara ya Tom Mboya na mitaa ya jirani, vitabu vilivyotumika hutandazwa chini, na hapo mnapatana kwa lugha yenu:

"Kaka, hiki bei gani?"

"Hicho nakupea mia tatu, boss wangu."

"Nikichukua viwili kwa mia tano?"

Atakubali au ataongeza hamsini. Kagua wino na gundi kwanza, maana nakala za kurudufu bila ruhusa zipo, herufi zake zina ukungu na kurasa hutoka ukisoma sura ya pili.

Wanaosindikiza wagonjwa Chennai wana saa nyingi za kungoja. Higginbothams, kwenye barabara ya Anna Salai, lilianza 1844 na ndilo duka la vitabu kongwe kuliko yote yaliyobaki India. Huko vitabu vya tiba, uhandisi na kompyuta huuzwa katika matoleo maalumu ya India kwa bei ya chini sana kuliko Ulaya. Jalada litakuambia kwamba toleo hilo ni la kuuzwa eneo hilo tu. Mwanafunzi wa udaktari wa UDOM akiwa na ndugu Chennai, na amtumie orodha mapema. Delhi kuna soko la vitabu la Jumapili la Daryaganj, ambalo tangu 2019 liko Mahila Haat, karibu na kituo cha Delhi Gate. Mabanda mengine pale hupima vitabu kwa kilo. Nenda mapema, beba maji, patana bei.

Anayepita Johannesburg aulizie kumbukumbu za wapigania uhuru. Kongwa ilikuwa kambi ya ANC, FRELIMO, SWAPO na wengineo miaka ya 1960, na wapiganaji waliokaa pale wameiandika. Kwa mtu wa Kongwa, hivyo ni vitabu vya nyumbani kama vile vya karanga.

Hatua ya sita: mzigo

Vitabu ni vizito kuliko vinavyoonekana. Mashirika mengi ya ndege hukupa kilo 23 kwa begi, na kilo kama 7 za mkononi, lakini soma tiketi yako. Kitabu cha jalada gumu hufika karibu kilo moja. Kumi ni karibu nusu ya begi. Vilivyo adimu viweke mkononi pamoja na pasipoti. Vingine vifunge kwa nguo, vilale bapa katikati ya begi, migongo ikipishana, visiguse kuta za begi. Pima hotelini, usingoje mizani ya uwanja wa ndege, ambako utalazimika kuchagua kati ya kitabu na viatu mbele ya foleni.

Vikizidi, posta ya Uingereza ina huduma ya kutuma machapisho nje kwa vifurushi vya hadi kilo 5. Usitie barua ndani. Andika S.L.P. yako ya Dodoma kwa herufi kubwa pamoja na namba ya simu. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa vitabu vilivyochapwa ni sifuri, ila risiti zitunze zote, na ukiulizwa sema wazi kwamba ni vya kusoma.

Kutoka Dar, panda SGR. Basi la usiku na boksi la vitabu kwenye buti chini ya magunia ya mtu mwingine ni hasara.

Hatua ya saba: vikishafika Dodoma

Hewa yetu kavu ni rafiki wa vitabu. Kinachooza Tanga au Dar kwa unyevu, Dodoma kinadumu. Kitabu kilichotoka London na unyevunyevu kisimamishe wazi kivulini siku mbili tatu, kurasa zikiachana, kisha ndipo kiingie rafuni. Juani usikianike, jua la hapa linapausha jalada na kupindisha karatasi.

Adui wawili ni vumbi na mchwa. Vumbi la miezi ya upepo linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Rafu yenye kioo inafaa, na kama huna, shuka jepesi mbele ya rafu linasaidia. Mchwa wa Dodoma ni mkali zaidi. Usiegemeze rafu ya mbao ukutani, acha nafasi ya kupitisha mkono, na miguu yake isimame kwenye tofali au chuma. Angalia nyuma yake kila mwezi. Mchwa hula kuanzia nyuma na chini, na mgongo wa kitabu utaendelea kuonekana mzima kwa mbele wakati ndani kimebaki udongo.

Kisha kipeleke cha karanga kwa mwalimu aliyekuagiza. Kwa wengine watakaotaka kuazima, na wataongezeka wakishasikia una vitabu vya Ugogo, nunua daftari la kurasa 96 steshenari, uandike jina la mtu, kitabu, tarehe ya kuchukua na namba ya simu. Vile visivyopatikana tena dukani visitoke nyumbani. Waliovifuata wawekee kiti na meza, wasome hapohapo.